Kompyuta za VLAN 10 kutofikia VLAN 20 kupitia ruta moja
Ndugu, umeuliza kwa nini kompyuta za VLAN 10 (VLAN ni mtandao mdogo uliotengwa kimantiki ndani ya swichi) hazizifikii zile za VLAN 20, ilhali umekwisha kuunda violesura vidogo viwili (subinterfaces, yaani migawanyo ya kimantiki ya poti moja, kila mmoja kwa VLAN yake) kwenye ruta na kuvipa anwani. Anza na swichi: poti inayoelekea kwenye ruta sharti iwe tranki, yaani poti inayopitisha VLAN nyingi kwa pamoja, na iruhusu VLAN zote mbili, kwa kuwa ruta hutambua kiolesura kidogo kinachohusika kwa lebo ya 802.1Q (kiwango cha kuitia data namba ya VLAN yake) iliyomo ndani ya fremu, yaani kifurushi cha data. Kwenye ruta za Cisco, lebo hiyo hupangwa kwa amri ya encapsulation dot1Q 20, wala haitokani na jina la kiolesura kidogo, hata kikiishia na .20. Hakikisha pia kiolesura kikuu kimewashwa, na kila kompyuta inatumia anwani ya kiolesura kidogo cha VLAN yake kuwa lango lake (default gateway), yaani njia yake ya kufikia mitandao mingine.