“Always” hukaa wapi? Vielezi na vitenzi vya Kiingereza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani katika ofisi ya mizigo ya samaki karibu na Mwaloni, hapa Kirumba. Barua pepe zangu kwa wateja wa Nairobi na Kampala hupitiwa na msimamizi kabla hazijatumwa. Nikiandika “We receive always the fish in the morning”, anaitoa “always” baada ya kitenzi na kuiweka kabla yake. Nikajifunza, nikaandika “The fish always is fresh”. Nayo akaisahihisha, safari hii akaipeleka upande wa pili! Nikiuliza sababu, anasema ndivyo Kiingereza kilivyo. Kuna kanuni, au ni kukariri tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kanuni ipo, na msimamizi wako alikuwa sahihi mara zote mbili. Kasoro ni kwamba hakukuonyesha kuwa masahihisho yote mawili yanatoka kwenye kanuni moja.

Anza na kitenzi chetu wenyewe. “Tunapokea” ni neno moja. Mtendaji, wakati na tendo vimeshikana, na hakuna upenyo wa kuingiza neno lingine katikati. Ndiyo maana kielezi chetu huwa nje ya kitenzi, na huko nje kina uhuru mkubwa: mara nyingi tunapokea samaki, tunapokea samaki mara nyingi, hata tunapokea mara nyingi samaki, msikilizaji atakuelewa. Tukitaka kusema jambo ni la kawaida, tunaliweka ndani ya kitenzi chenyewe: hupokea.

Kitenzi cha Kiingereza hukatika vipande: “have received”, “will be weighed”. Kati ya vipande hivyo kuna nafasi, na vielezi vinavyosema jambo hutokea mara ngapi, yaani “always”, “usually”, “often”, “never” na wenzake, makazi yao ya kawaida ni baada ya kipande cha kwanza: “We have always received good fish.” “The fish will usually be weighed at six.” “Already” na “probably” nazo hufuata njia hiyo: “The lorry has already left.” Kitenzi kisipokuwa na kisaidizi, yaani kipande cha kusaidia kama “have” au “will”, kielezi hukitangulia: “We always receive the fish in the morning.” Lakini “am”, “is”, “are”, “was” na “were” huhesabiwa kama visaidizi hata vikisimama peke yake, kwa hiyo kielezi huja baada yake: “The fish is always fresh.”

Ukiwa na haraka na hukumbuki lolote kati ya hayo, ikanushe sentensi yako. Pale “not” inapokaa, “always” hukaa papo hapo. “The fish is not fresh” inakupa “The fish is always fresh”. “We have not received” inakupa “We have always received”. “We do not receive” ina “do” iliyokuja kwa ajili ya kukanusha tu. Iondoe pamoja na “not”, na pale palipobaki wazi andika “always”. Nawapa wanafunzi wangu kipimo hiki kabla ya kanuni yoyote, kwa sababu kukanusha tayari wanakujua.

Kosa lako la kwanza lina jambo la pili ndani yake, na hili nakuomba ulishike sana. Kitenzi cha Kiingereza na shamirisho yake, yaani kile kinachotendwa, havipendi kutenganishwa. Sisi tunasema “anaongea vizuri Kiingereza” bila shida, lakini “She speaks well English” ni kosa. Andika “She speaks English well”. Vivyo hivyo “I like very much sato” iwe “I like sato very much”. Kuna ruhusa moja: shamirisho ikiwa ndefu mno, kielezi kinaweza kutangulia, kama katika “Please check carefully all the papers that came with the lorry from Sengerema.” Ukikipeleka mwisho kabisa, msomaji atakuwa ameshasahau kinahusu nini.

Vielezi vya namna vina utajiri wake. Mara nyingi hukaa mwisho: “He packed the fish carefully.” Vingine vikihama, maana nayo huhama. “The clerk answered the customer foolishly” inasema jibu lenyewe lilikuwa la kipumbavu. “The clerk foolishly answered the customer” inasema upumbavu ulikuwa kule kujibu, kwamba angenyamaza. Kwenye barua ya malalamiko, tofauti hiyo si ndogo. Vilevile “I don't really know him” ni simfahamu sana, ila “I really don't know him” ni simjui kabisa.

Uwe mwangalifu na “never”. Sisi husema “hatujawahi kuchelewesha mzigo wako kamwe”, na ukanushi umo tayari ndani ya kitenzi. Kiingereza sanifu kinataka ukanushi mmoja tu, kwa hiyo si “We have not never delayed your cargo” bali “We have never delayed your cargo.”

Mwanzoni mwa sentensi, “sometimes” na “usually” hukaa bila tatizo. “Always” hufungua sentensi hasa katika amri, mfano “Always wear a life jacket” kwa abiria wa boti. Mahali na wakati vikikutana mwishoni, mahali hutangulia: “The boat arrived safely in Nansio yesterday.”

Msimamizi wako akikukataza kuandika “to always check” kwa kuwa kielezi kimeingia kati ya “to” na kitenzi chake, mjibu kwa heshima kwamba makatazo hayo yalienezwa na wanasarufi wa karne ya 19, na waandishi wazuri wameyapuuza tangu zamani. Mimi nisingeyafuata.

Limebaki jibu fupi. Mteja akiuliza “Are you open on Saturdays?”, usijibu “Yes, we are usually.” Kisaidizi kikiwa neno la mwisho, kielezi hukitangulia: “Yes, we usually are.”