Mafua hayataki amoksilini: majibu kwa wazazi wa Dar

Mwanangu ana miaka miwili, ana mafua na kikohozi siku ya nne sasa. Duka la dawa wamenipa amoksilini ya maji. Nimpe? (Mama, Mbagala)

Kama anacheza, anakunywa na anapumua vizuri, usimpe. Mafua huletwa na virusi. Amoksilini ni antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, na antibiotiki haiviui virusi. Hata makamasi yakigeuka ya kijani, jibu ni lilelile. Msafishe pua kwa maji ya chumvi, mpe vya kunywa mara kwa mara, na paracetamol akichemka. Kikohozi chenyewe kinaweza kwenda wiki mbili, usiogope.

Macho yako yawe kifuani. Akiwa ametulia, mfunue fulana uhesabu pumzi dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Hata kama hesabu haijafika huko, ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, nenda. Huenda ni nimonia, na hapo amoksilini hiyohiyo ndiyo itakayomwokoa. Akishindwa kunywa au akipata degedege, msingoje kukuche.

Kila mtoto akipata homa, majibu ni "UTI na taifodi", anaandikiwa sindano. Kweli anaugua hivyo kila mwezi? (Baba, Tabata)

Nina mashaka, kaka. Jiji hili lina taifodi nyingi mno za kwenye karatasi. Kipimo cha Widal, cha damu, ndicho wengi hutumia kupima taifodi. Hakimtafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu, na hizo zinaweza kuwa zimebaki tangu ugonjwa wa zamani au zimeletwa na maambukizi mengine kabisa. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu, yaani kuiweka maabara kuona kama bakteria watakua, itolewe kabla mtoto hajaanza antibiotiki. Na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, hupimwa kwa mkojo, nao una mambo yake: ukikamuliwa kutoka kwenye pampasi au ukikingwa kwenye kopo chafu, bakteria wataonekana tu, hata kama kibofu hakina shida.

Kwa hiyo uliza, bila kugombana na mtu: malaria imepimwa? Mkojo umekingwa vipi? Unaweza kuoteshwa, tujue ni bakteria gani na dawa gani inamuua?

Nasisitiza kwa sababu tumeshaona usugu, yaani bakteria kuzoea dawa hadi isiwaue, unavyoua. Mwaka 2001 na 2002 watafiti waliwafuatilia watoto 1,828 waliolazwa Muhimbili wakiwa na dalili za maambukizi makali. Kati ya waliokutwa na bakteria wa gramu hasi (mojawapo ya makundi makubwa ya bakteria) kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki. Kwa waliokuwa na malaria ilikuwa asilimia 20.2. Na mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria wake wameshaizoea alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Sindano ya leo ya homa isiyojulikana inawapa bakteria nafasi ya kuizoea dawa ambayo mtoto wako, au wa jirani, ataihitaji siku akizidiwa kweli.

Hela haitoshi, nanunua vidonge vinne vya rangi mbili, mjukuu akipata nafuu basi. Kuna ubaya? (Bibi, Buguruni)

Shikamoo bibi. Ubaya upo. Hivyo vya rangi mbili ni antibiotiki, na dozi pungufu huua bakteria dhaifu, wenye nguvu wanabaki na kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya hilo mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel, na sisi bado tunauziana vinne vinne.

Mweleze muuzaji hela uliyonayo kabla hajakata karatasi ya vidonge. Kama mtoto ameandikiwa kweli, muulize kama ipo ya kiwanda kingine yenye bei nafuu. Amoksilini si dawa ya gharama kubwa. Kama hakuandikiwa na mtu aliyempima, hela hiyo mnunulie maziwa.

Chupa ya kaka yake imebaki nusu. Naweza kumpa mdogo wake? (Mama, Kigamboni)

Hapana. Dozi hufuata uzito, na dawa ya unga ikishachanganywa na maji hudumu siku 7 hadi 14 tu, kama chupa inavyoelekeza. Tena kama kaka aliandikiwa dozi nzima, nusu hiyo imebakije?

Mtoto anaharisha. Flagyl ya maji iko ndani. (Mama, Manzese)

Iache hapohapo. Flagyl ni dawa ya bakteria na amiba, na kuharisha maji kwa watoto wadogo mara nyingi ni virusi. Kinachoua ni kuishiwa maji, kwa hiyo mpe ORS (ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji) kila anapoharisha, endelea kumnyonyesha, na zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14 hata akiacha kuharisha mapema. Ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, au kila anachokunywa anatapika, nenda hospitali na chupa yako ya ORS mkononi, uwe unampa njiani.