Nyasi Zangu Zilikufa Mwezi Mmoja Kabla ya Kwanjula

Juma lililopita dada mmoja wa Mbale aliniandikia: "Kaka, nimekata nyasi za nyumbani, zimekuwa njano kama makuti. Nimekosea wapi?" Nilisoma mara mbili. Swali hilo nimewahi kujiuliza nikiwa nimesimama uani, machozi karibu.

Ilikuwa Januari 2023, hapa Entebbe. Binti yangu wa kwanza alikuwa na kwanjula Februari, ile sherehe ya Kiganda ambayo mchumba na jamaa zake hutambulishwa nyumbani kwa kina binti. Paspalamu ile, nyasi yetu ya uani, niliipanda kwa mikono yangu, kipande kwa kipande, nami nilitaka wageni wakanyage zulia. Nikamwambia kijana anayenikatia ashushe mashine mpaka chini kabisa. Akasita. "Mzee, jua ni kali." Nikamjibu kwamba nyasi ni zangu.

Baada ya wiki moja uwanja ulikuwa rangi ya mkeka mkuukuu. Tulimwagilia kwa jerikani asubuhi na jioni, wapi! Siku yenyewe mahema yalisimama juu ya udongo mtupu. Masenga, yaani shangazi zake binti, walipopiga magoti kuwapokea wageni, waliinuka na alama mbili nyekundu za vumbi kwenye gomesi, zile nguo zao ndefu za heshima. Mjomba wa upande wa mkwe akauliza kwa sauti, "Hapa mmefyeka au mmechoma?" Watu wakacheka. Maneno yale nayasikia mpaka leo.

Kijana nilimwomba radhi, maana alikuwa sahihi. Jani ndilo jiko la nyasi. Ukilinyoa lote, mizizi inakosa chakula na kufupika, jua linaukausha udongo, na magugu yanapata mwanga wa kuotea.

Basi dada yangu, usitoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Paspalamu ikifika sentimita 9, toa 3, bakiza 6. Mimi napima kwa kiberiti: nakisimamisha katikati ya nyasi zilizokatwa, na kikionekana kichwa, najua tumekata mno. Ukoka unavumilia kukatwa chini zaidi, lakini theluthi ni ileile. Kama ulisafiri ukakuta pori, punguza kidogo, ngoja siku kadhaa, punguza tena. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, nakata kila wiki. Kiangazi nasubiri hata wiki tatu, na naziacha ndefu kidogo.

Jambo la pili ni makali ya kisu cha mashine. Siku moja baada ya kukata, chuma jani moja uliangalie juani. Kisu kikali huacha ncha iliyonyooka. Kisu butu huichana, zikabaki nyuzinyuzi ambazo hukauka na kuwa kahawia, na ukiwa mbali uwanja mzima unaonekana mgonjwa. Watu hununua mbolea kutibu ugonjwa huo, kumbe dawa ni tupa ya kunolea! Toa waya wa plagi ya injini kwanza, ndipo uguse kisu.

Umande ukauke kabla ya kuanza. Na vipande vifupi viache palepale vioze, vinairudishia ardhi naitrojeni. Tunavikusanya na kuvichoma kila Jumamosi kama uchafu, jamani, kwa nini? Tunajenga ukuta, tunaweka vigae, tunapaka lango rangi mpya, kisha nyasi tunamwachia mtu tusiyetaka hata kumsikiliza. Msikilizeni anayezikata. Na narudia, theluthi moja tu. Hata kama kuna sherehe. Hasa kama kuna sherehe.

Paspalamu yangu ilirudi na mvua za Machi kwa mashina yake yanayotambaa, isipokuwa kipande cha kando ya lango, ambacho nilikipanda upya. Desemba iliyopita mdogo wake bibi harusi alifanyiwa kwanjula papo hapo. Wiki ile hatukukata kabisa. Tulikuwa tumekata wiki iliyotangulia, kwa kipimo. Mjomba yule alikuja, sasa kama ndugu. Hakusema kitu. Alivua viatu, akavuka uwanja peku hadi kwenye hema letu.