Maswali na Majibu: Kuendesha Kikosi cha Zimamoto cha Kujitolea

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaoongoza vikosi vya zimamoto vya kujitolea au kuvitumikia. Ni maswali manane, na ni machache sana kati yake yanayohusu moto wenyewe. Mengi yanahusu daftari, pampu, nguo, fedha na watu, na hilo halinishangazi, kwa sababu saa nyingi za kikosi hupita kituoni na wala si mbele ya miali.

Tuna wanachama 24 katika daftari, lakini king'ora kikilia mchana wa siku ya kazi wanafika wanne au watano. Je, tuandikishe wanachama wengine?

Kabla ya kuandikisha mtu yeyote, fahamuni kwanza pengo lenu liko wapi. Daftari la wanachama linaonyesha ni wangapi waliokubali kujitolea. Halionyeshi ni wangapi watakaopanda gari saa saba mchana. Chora jedwali la siku saba na saa 24, kila mwanachama aweke alama katika saa ambazo kwa kweli anaweza kufika kituoni, kisha kwa muda wa miezi mitatu mlinganishe alama hizo na mahudhurio halisi ya kila wito. Mara nyingi hugundulika kwamba usiku mna watu kuliko viti vya gari, ilhali mchana kikosi kizima kinategemea watu watatu, na mmoja wao ndiye dereva pekee aliyehitimu kuendesha pampu.

Baada ya hapo, tafuteni watu wa kuziba pengo hilo hasa: wanaofanya kazi jirani na kituo, wafanyakazi wa zamu za usiku, na wastaafu wenye afya njema. Si lazima kila mwanachama aingie penye moshi, kwani anayeweza kushika redio, kuandika kumbukumbu ya tukio, kuelekeza magari au kusimamia pampu anamwachia nafasi mwenye barakoa ya kupumulia penye moshi afanye kazi aliyofunzwa. Zungumzeni pia na waajiri kwa barua rasmi, mkieleza ni mara ngapi kwa mwezi mfanyakazi wao anaitwa na hukaa muda gani, maana mwajiri huogopa zaidi jambo asilojua kipimo chake.

Kuhusu idadi, kiwango namba 1720 cha NFPA, shirika la Marekani linaloandika viwango vya zimamoto, kilichoandikwa kwa ajili ya vikosi vya kujitolea, kimeweka lengo la wazimamoto 15 ndani ya dakika 9 kwa maeneo yenye watu wengi, na wazimamoto 6 ndani ya dakika 14 kwa maeneo ya vijijini. Hamlazimiki kuyachukua malengo hayo kama yalivyo, lakini yanaonyesha kwamba hata kijijini, watu wanne ni pungufu. Njia ya haraka ya kuongeza idadi ni kukubaliana kwa maandishi na kikosi jirani kwamba taarifa ya jengo kuwaka ikipokelewa, vikosi vyote viwili vinaondoka kwa wakati mmoja. Atakayekuta moto umekwisha zimwa atarudi nyumbani bila hasara kubwa, ilhali anayengoja aitwe baada ya jirani kuzidiwa hufika kuhesabu mabati.

Tukifika wanne, nyumba inawaka na wenyewe wamekwisha toka wote, tunaruhusiwa kuingia?

Fuateni kwanza sheria ya nchi yenu. Nchini Marekani, kanuni za usalama kazini zinataka wanaoingia ndani ya moto wa jengo wawe wawili au zaidi, wasiachane, na nje wabaki wawili waliokwisha jiandaa kuwaokoa. Zinaruhusu kuokoa maisha kabla timu haijakamilika. Kwa maoni yangu, msimamizi wa pampu asihesabiwe kati ya hao wawili wa nje, kwa sababu akiiacha pampu waliomo ndani wanakosa maji. Kwa hesabu hiyo ninyi hamko wanne bali watatu, na kwa kuwa hakuna mtu ndani, jibu langu ni hapana.

Hilo halina maana kwamba mkae mkitazama. Mkondo ulionyooka unaorushwa kutoka nje kupitia dirishani, ukielekezwa juu darini, hupooza chumba kinachowaka na kununua dakika za kuwasubiri wenzenu. Msitumie mkondo mpana wa manyunyu unaoziba dirisha lote, kwa kuwa unazuia joto na moshi kutoka.

Wenzenu wakifika na mkaingia, hewa ipigiwe hesabu. Mtungi wa hewa wa mgongoni wa lita 6.8, uliojazwa hadi bari 300 (bari ni kipimo cha shinikizo), una hewa ya takriban lita 2,000. Ukiacha bari 50 za akiba zinabaki lita 1,700, na mtu anayefanya kazi nzito, akivuta lita 80 kwa dakika, atazimaliza katika dakika 21. Dakika hizo ni za kwenda na kurudi, kwa hiyo filimbi ya upungufu wa hewa inapaswa kukukuta nje au mlangoni. Anayeichukua kuwa ishara ya kuanza safari ya kutoka amekwisha chelewa. Kila anayeingia amkabidhi msimamizi wa mlangoni kibao chenye jina lake, msimamizi aandike saa ya kuingia na kipimo cha mtungi, na kila baada ya dakika kumi majina yaitwe kwa redio.

Gari letu lilifika penye moto, injini ikawaka vizuri, lakini pampu ikakataa kuvuta maji kutoka bwawani. Fundi anasema pampu ni nzima. Tatizo ni nini, na tulikague gari kila baada ya muda gani?

Kwa maelezo hayo, namshuku hewa. Pampu haiyanyonyi maji kama tunavyodhani, bali huondoa hewa ndani ya mpira mgumu wa kuvutia, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Tundu dogo mahali popote, iwe gasketi (kizibo cha kuzuia uvujaji) iliyokauka kwenye muungano wa mpira, vali ya kutolea maji iliyoachwa wazi kidogo, au chujio lililo karibu mno na uso wa maji, linatosha kuharibu kazi yote. Funga vali zote, ondoa hewa ndani ya pampu ikiwa kavu, zima, kisha utazame geji, yaani kipimo cha shinikizo: sindano ikirudi haraka, kuna tundu, nanyi mtalitafuta muungano mmoja baada ya mwingine.

Pimeni pia kimo. Usawa wa bahari, kwa nadharia, maji hayawezi kupanda zaidi ya takriban mita 10 kwa njia hiyo, na kwa vitendo pampu nyingi hufanya kazi vizuri chini ya mita 7 na nusu. Kila mnapopanda mita 1,000 juu ya usawa wa bahari mnapoteza karibu mita moja. Kikosi kilicho mlimani kinachoegesha gari juu ya kingo ndefu ya mto kinaweza kuwa na pampu nzima kabisa isiyovuta hata ndoo moja.

Ukaguzi ufanyike kila wiki, siku ile ile, na tena kila gari linaporudi. Kuwasha injini na kuizima hakutoshi, tena ni desturi mbaya inayozeesha betri bila kufichua ubovu wowote. Iunganisheni pampu, irushe maji, na angalau mara moja kwa mwezi ivute maji kutoka chanzo cha wazi, si kutoka tangi la gari peke yake. Msiiache izunguke muda mrefu bila maji kupita ndani yake, kwa sababu hupata joto na kuunguza sili zake za kuzuia maji kuvuja. Mafuta yasishuke chini ya robo tatu ya tangi. Mipira ya maji ioshwe, ikaushwe kabla ya kukunjwa, ikunjwe mahali tofauti na mikunjo ya zamani, na ipimwe kwa shinikizo kila mwaka. Mkaguzi aandike jina lake kwenye fomu, kwani fomu isiyo na jina hujazwa kwa tiki tupu.

Nyongeza ambayo hamkuiuliza: tangi la lita 3,000 kwa mkondo wa lita 400 kwa dakika linakwisha katika dakika saba na nusu. Mtu wa kwanza anapofungua nozeli, mdomo wa mpira wa maji, wa pili awe anajua maji yanayofuata yatatoka wapi, na ramani yenu ya visima, mito na mabwawa ionyeshe vipi kati ya hivyo hukauka kiangazi.

Tumepewa msaada wa makoti, suruali na buti vilivyotumika. Vinaonekana vizima. Tuvitumie?

Tafuteni lebo ya ndani yenye tarehe ya kutengenezwa. Katika viwango vya NFPA, vazi la kuingilia motoni huondolewa kazini likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama halijawahi kuvaliwa, maana vitambaa na mishono huchoka. Lisilo na lebo litumike katika mazoezi yasiyo na moto. Fungueni bitana mkague tabaka la kuzuia unyevu, kwa sababu koti linaloonekana jipya kwa nje huweza kuwa limeoza katikati.

Jambo zito zaidi ni uchafu. Mwaka 2022 shirika la IARC, linalochunguza saratani chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la kwanza, yaani mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Koti jeusi kwa masizi lilikuwa fahari ya wakongwe wetu, nami nilikuwa mmoja wao, na sasa tunajua tulikuwa tukijivunia sumu. Vazi lisuguliwe kwa maji na sabuni papo hapo penye tukio kabla ya kupanda gari, lifuliwe kituoni kwa mashine yake, na lisipelekwe nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za watoto.

Wanachama wetu hukimbiza magari yao binafsi kuelekea kituoni wakiwa wamewasha taa za hatari. Nikiwakemea wananiambia dakika moja ni uhai wa mtu.

Endelea kuwakemea. Nchini Marekani, ambako takwimu za vifo vya wazimamoto wa kujitolea huwekwa kwa makini, sababu inayoongoza ni moyo, na ajali za barabarani hufuata. Gari binafsi halina haki ya njia isipokuwa pale sheria inapotamka hivyo, na anayegonga mtu njiani anazalisha tukio la pili linalohitaji gari lile lile. Mikanda ifungwe, taa nyekundu ziheshimiwe, na atakayerudia asimamishwe kwa barua.

Mimi ni mweka hazina. Fedha za michango zinawekwa katika akaunti ya mkuu wa kikosi kwa sababu anaaminika. Je, kuna ubaya?

Upo, hata akiwa mwaminifu kuliko sote, kwa kuwa siku akifariki fedha hizo zitakuwa mirathi. Fungueni akaunti kwa jina la kikosi, saini ziwe mbili kutoka kwa watu wasio ndugu, kila mchango uwe na stakabadhi, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama kila robo mwaka.

Tuna mwenzetu shujaa na maarufu, hajawahi kukosa moto hata mmoja. Tatizo ni kwamba haji mazoezini, na nikimgusa vijana watakasirika. Nifanye nini?

Nilipokuwa mkuu wa kikosi nilikuwa na mtu wa namna hiyo, nami nilimvumilia miaka miwili zaidi ya ilivyofaa, kwa sababu nilimhitaji. Siku moja aliingia peke yake bila kukabidhi kibao chake mlangoni, na vijana wawili wakaingia kumtafuta katika moshi huku yeye ametokea mlango wa nyuma na anakunywa maji. Wote walitoka salama, lakini tangu hapo sikutumia tena neno "shujaa" kituoni.

Mtu anajitolea siku ya kujiunga. Baada ya hapo mengine ni wajibu. Nchini Chile wazimamoto wote ni wa kujitolea, tangu kikosi cha Valparaíso kilipoanzishwa mwaka 1851, na si kwamba hawalipwi tu, bali wao wenyewe hulipa michango kwa vikosi vyao na kutii nidhamu kali. Hivyo asikwambie mtu kwamba asiyelipwa hawezi kuwekewa masharti.

Andikeni kanuni inayomhusu kila mmoja, akiwemo wewe mkuu: asiyetimiza kiasi fulani cha mazoezi katika miezi mitatu haruhusiwi kuvaa barakoa hadi afidie. Kisha mwite faraghani kabla kanuni haijatangazwa, umweleze, na umwombe afundishe zoezi moja analolijua zaidi. Wengi wa aina yake hukwepa mazoezi kwa sababu wanaogopa kuonekana hawajui jambo fulani, na kufundisha huwarudisha kwa heshima. Akikataa yote mawili, mvue barakoa, na manung'uniko ya vijana uyapokee.

Tunaweza kuwapokea vijana wa miaka 16?

Mnaweza, kwa ridhaa ya mzazi iliyoandikwa na kama sheria yenu inaruhusu, lakini kwa kazi za kituoni, huduma ya kwanza, kutunza mipira na kufundisha usalama wa moto mashuleni. Wasipande gari la dharura na wasikaribie moshi. Akitimiza umri wa kisheria aanze kipindi cha majaribio kama mgeni mwingine yeyote, na miaka aliyokaa kituoni isihesabiwe kuwa mafunzo ya kuingia motoni.