Ukikabidhiwa faili la sanamu ya shaba kutoka Benin

Wewe unayeanza kazi ya kufuatilia historia ya umiliki wa vitu vya makumbusho, ukiona kwenye kadi pameandikwa "zawadi", usifunge faili. Neno hilo linakueleza kitu kilivyoingia mlangoni kwenu, basi. Halikuelezi kilivyotoka kwa wenyewe.

Mfano ninaowapa wote wanaoanza ni Okukor, sanamu ya jogoo iliyokaa miaka mingi katika ukumbi wa kulia chakula wa Jesus College, Cambridge. Ukiangalia kumbukumbu za chuo, mambo yalikuwa safi: mwaka 1905 George William Neville, ambaye mwanawe alisoma hapo, aliitoa zawadi. Nembo ya chuo ina vichwa vya majogoo, kwa hiyo sanamu ilionekana kama iko kwao. Lakini rudi nyuma hatua moja tu: Neville aliipataje? Februari 1897 majeshi ya Uingereza yaliuvamia mji wa Benin, jumba la mfalme likateketea, maelfu ya vitu yakachukuliwa, na mfalme wenyewe, Oba Ovonramwen (Oba ndicho cheo cha mfalme wa Benin), akapelekwa uhamishoni Calabar, alikofia. Kitu chochote cha jumba lile kilichojitokeza Ulaya miaka michache baadaye, kichukulie kuwa kimeporwa hadi upate ushahidi wa kinyume. Wengi hufanya kinyume chake, wakimtaka aliyeporwa alete stakabadhi.

Kabla ya kuzama kwenye karatasi, uliza sanamu ilikuwa na kazi gani. Majogoo wa aina hii waliwekwa kwenye madhabahu ya kumbukumbu ya Iyoba, mama wa mfalme. Walisubiwa na mafundi wa chama cha Igun Eronmwon, waliofanya kazi kwa amri ya Oba. Kitu cha namna hiyo hakikupelekwa sokoni. Ukilijua hilo, maelezo ya "kilinunuliwa kwa wenyeji" yanaanza kuyumba.

Angalia pia ramani. Ufalme wa Benin uko Nigeria, katika Jimbo la Edo. Jamhuri ya Benin ni nchi nyingine, iliyoitwa Dahomey hadi 1975, nayo ina madai yake dhidi ya Ufaransa. Ukichanganya hayo mawili, barua yako inakwenda kwa serikali isiyohusika.

Vipimo vya maabara visikuteke. Sehemu kubwa ya vitu vinavyoitwa bronzi za Benin ni shaba iliyochanganywa na zinki, na uchunguzi uliochapishwa 2023 ulionyesha kwamba shaba ya manila, yaani bangili zilizotumika kama fedha za biashara na zilizokuwa zikiyeyushwa na mafundi wale, ilitoka eneo la Rhineland, Ujerumani. Ni habari nzuri ya biashara ya zamani. Kuhusu nani mwenye sanamu, haibadilishi kitu.

Pengo kwenye orodha ya wamiliki ndipo penye kazi yenyewe. Kuna mabamba mawili ya shaba ya Benin, ya karne ya 16, yaliyoporwa mwaka huohuo wa 1897. British Museum ilikuwa nayo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 yakahamishiwa makumbusho ya taifa ya Lagos. Yakaondoka tena bila ruhusa, yakaingia sokoni, na mwaka 1991 yakatolewa zawadi kwa Metropolitan Museum, New York, iliyoyarudisha Nigeria 2021. Kwa hiyo usiridhike kwamba kitu kiliwahi kurudi nyumbani. Uliza kiliondokaje mara ya pili.

Na mkishakubaliana kurudisha, jueni mnamkabidhi nani. Wanafunzi wa Cambridge walidai Okukor irudi tangu 2016, chuo kikaamua 2019, na tarehe 27 Oktoba 2021 ikakabidhiwa kwa tume ya makumbusho ya Nigeria. Februari 2022 ikafika kwenye jumba la Oba Ewuare II. Machi 2023 amri ya rais wa Nigeria ikamtambua Oba kuwa mmiliki wa vitu vilivyoporwa, na baadhi ya watu Ulaya wakalalamika kwamba vitu vya umma vinakuwa mali ya mtu binafsi. Mimi naona hilo halituhusu. Vilichukuliwa nyumbani kwake. Katika ripoti yako andika vilitoka wapi, kwa mkono wa nani na mwaka gani. Masharti ya namna vitakavyotunzwa huko, yaache nje ya ripoti hiyo.