Vesalius alipasua, hakufanya upasuaji

Msomaji anayeandaa maelezo ya picha kwa somo la historia ya tiba ameniletea swali. Picha yenyewe imo katika kitabu cha Andreas Vesalius, mwanaanatomia (mchunguzi wa muundo wa mwili), kiitwacho De humani corporis fabrica, yaani Muundo wa Mwili wa Binadamu, kilichochapwa Basel, Uswisi, mwaka 1543, nayo inaonyesha zana zilizotandazwa juu ya ubao. Chini yake ameandika: "Vifaa mbalimbali vilivyotumika katika kufanyia shughuli za upasuaji wa miili ya binadamu." Anauliza kama "vifaa" ni sahihi au aweke "zana".

Aweke lolote. Mimi napenda "zana" kwa vitu vinavyoshikwa na fundi, lakini sigombani na mtu kwa hilo. Ninachogombana nacho ni ule mzigo ulio nyuma yake, "kufanyia shughuli za upasuaji", maneno manne yanayosaidiana kubeba kitenzi kimoja chenye miguu yake mwenyewe.

Kupasua ni neno letu la Kibantu, lina mwenzake kupasuka, na halijawahi kuomba msaada wa kufanya. Fundi hupasua mbao na mama hupasua kuni, wala sijamsikia mama yeyote akirudi kutoka porini na kutangaza kwamba amefanya shughuli za upasuaji wa kuni. Ila mtu akishavaa koti jeupe, kitenzi kinamwogopa: hapasui tena, anafanya upasuaji, na mgonjwa naye hapasuliwi, anafanyiwa, kana kwamba kisu kilipita mbali naye.

Hebu tumrudie Vesalius, maana yeye ndiye aliyeonewa zaidi. Kabla yake ilikuwa desturi katika vyuo vya Ulaya kwamba profesa huketi juu ya kiti kirefu akisoma maandishi ya Galen, tabibu Mgiriki wa kale, huku kinyozi akiwa chini na wembe, akikata. Vesalius, alipokuwa akifundisha chuoni Padua, Italia, alishuka kwenye kiti hicho akashika kisu mwenyewe, na kwa kushuka huko akaona kwamba taya la chini la binadamu ni mfupa mmoja, si miwili kama Galen alivyodai. Mtu wa namna hiyo kumwandikia kwamba "alifanya shughuli za upasuaji" ni kumrudisha kitini.

Tena tazama picha za misuli katika kitabu hichohicho. Mtu amesimama mbele ya vilima, ngozi imekwisha kuchunwa. Ukurasa baada ya ukurasa misuli yake inaambuliwa na kuachwa ikining'inia, hadi maiti haiwezi tena kusimama na inabidi itundikwe kwa kamba. Humo mna kuchuna, kuambua, kupasua na, kwa fuvu, kukereza kwa msumeno. Kuna na kuchangua, neno la wachinjaji wetu, la kutenganisha viungo vya mnyama, ambalo kwa kazi ya mwanaanatomia linafaa kuliko hata kupasua, kwani daktari akishampasua mgonjwa humshona, ilhali maiti ya Padua haikushonwa. Kiswahili kimempa mwandishi vitenzi vitano, naye amechagua kufanya.

(Kuhusu "michoro" ya kitabu hicho, ambayo msomaji ameitaja kwa woga, asiogope. Kuchora kwetu ni kwa kalamu na ni kwa patasi pia, na picha zile zilichongwa katika vibao vya mti wa pea kabla ya kuvushwa milima ya Alps hadi kwa mchapaji.)

Basi chini ya picha andika: "Nyembe, visu, kulabu, sindano na zana nyingine za kupasulia maiti." Vitu vyenye majina viitwe kwa majina yake, "mbalimbali" ifute, kwa kuwa msomaji ana macho. Nomino "upasuaji" siifukuzi, iendelee kukaa juu ya mlango wa wodi na katika jina la somo, mahali ambapo hakuna anayeshika kitu. Na "kufanya upasuaji" nitaivumilia kwa mtu mmoja tu: yule profesa wa kitini, kwa sababu wembe ulikuwa kwa kinyozi.