Mwenye Peugeot 504 ya babu: Jumamosi usikate chochote kabla hujasoma hapa

Mkuu, hiyo grainda irudishe ulikoiazima. Nimesoma swali lako usiku nikiwa nimeshazima taa, usingizi ukakata. Umesema mmerithi Peugeot 504 ya babu yenu, ya mwaka 1976, milango minne, mko ndugu wanne hapo Iringa na mnataka kuipamba wenyewe nyumbani. Umeuliza rangi mbili zipi zitapendeza, rimu za ukubwa gani, siti za ngozi, kulishusha gari chini, na kama injini ya Toyota inaingia. Halafu katikati, kwa mstari mmoja, kama mtu anayesema anapita dukani kuchukua chumvi, ukaandika kwamba Jumamosi mtavua milango yote na kukata vyuma vilivyooza chini ya milango, kushoto na kulia, ili mmalize kutu kwa siku moja.

Huo mstari ndio ulioniondolea usingizi. Msikate.

Sisi tulikata. Tanga, uani kwa mzee, wiki ya Krismasi 2019. 504 ya mzee ni ya 1978, aliinunua mimi sijazaliwa, na ndiyo iliyomleta mama nyumbani kutoka hospitali akiwa amenibeba. Upepo wa bahari wa Tanga hauna huruma na bati. Kwa juu gari lilikuwa linang'aa, lakini ukichoma bisibisi kwenye lile boksi la chuma linalopita chini ya milango, pale unapokanyaga ukiingia, inazama hadi kwenye mpini na unga wa kahawia unamwagika kama ugoro. Watu wa kazi tulikuwa nao. Mdogo wangu anachomelea mageti. Dada ni fundi cherehani, alikuwa ameshakata vitambaa vya siti. Mwanangu, wakati huo ana miaka 9, kazi yake ilikuwa kupanga nati kwenye makopo ya maziwa na kuandika kila kopo ni la wapi. Mzee alikaa kwenye kiti chake chini ya mwembe akirudia, "Pimeni kwanza," na sisi tunaitikia, "Ndiyo baba," huku tunaendelea na yetu.

Na tulikuwa na fundi.

Simtaji. Tulimwamini kwa sababu alikuwa amefufua Land Rover nyingi, zile za zamani za aina inayoitwa 109, na Land Rover kweli anazijua. Alilizunguka gari mara moja, akalipiga teke boksi la kushoto, akasema vueni milango, kateni yote mawili, tukimaliza chai tunaweka mapya. Nikamuuliza, gari halitainama? Akacheka. Akaniambia hii ndiyo Peugeot iliyoshinda Safari Rally 1975, leo ije kuinamishwa na grainda?

Mpaka leo nikikumbuka lile jibu damu inachemka. Ni kweli 504 ilishinda mwaka ule, Ove Andersson akiwa kwenye usukani. Lakini ilishinda ikiwa nzima! Mtu mzima, fundi wa miaka mingi, anamjibu mwenye gari kwa hadithi ya mashindano badala ya kuinama achungulie uvunguni. Angeinama angeona kitu kimoja tu: hakuna chesi.

Hapo ndipo penyewe, mkuu, soma taratibu. Land Rover ina chesi, ngazi ya chuma kizito, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti kama kabati lililowekwa juu ya meza. Toa kabati lote, meza bado imesimama, injini na magurudumu havina habari. Hata hiyo video uliyoiweka ya vijana wa Los Angeles wanaokata sakafu ya Chevrolet Impala ya 1964 ni hivyohivyo, Impala ile ina chesi yake peke yake chini. 504 haina meza. Bodi ndiyo chesi. Sakafu, paa, nguzo na hayo maboksi mawili vimechomelewa vikawa kitu kimoja na vinabebana. Chukua kiberiti kizima ujaribu kukipinda, kinakataa. Toa droo yake, kata ubavu, kinalala kiganjani. Na kwenye gari la milango minne kila ubavu una matundu mawili makubwa, katikati yake nguzo moja, na mguu wa hiyo nguzo umesimama juu ya boksi hilohilo unalotaka kulikata. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni milimita 2,740. Hilo ndilo daraja lako, na huku mwisho mmoja kuna injini.

Tuliliweka gari juu ya stendi mbili mbele na mbili nyuma. Katikati hakuna kitu. Milango tukaiegemeza ukutani juu ya magunia isikwaruzike, maana tulikuwa waangalifu sana na rangi. Saa sita mchana maboksi yote mawili yalikuwa chini kwenye majani. Hakuna kilichovunjika, hakuna hata mlio. Hilo ndilo nataka ulishike, gari halikupiga kelele. Lilishuka polepole katikati, na kwa kuwa milango haikuwepo, hapakuwa na kitu cha kutuonyesha. Mdogo wangu akachomelea maboksi mapya, mshono mzuri ambao hata leo ningekuonyesha kwa fahari, na kwa mshono huohuo akalifunga gari likiwa limeinama.

Aliyegundua ni mama. Siku ya tatu tumesharudisha milango. Mama ana kiti chake, nyuma kushoto, miaka yote. Akatoka jikoni mikono ina unga wa chapati, akaingia kujaribu kitambaa alichoshona dada, akavuta mlango. Ukagota. Akavuta tena, ukagota. Akasema, "Huu mlango si wangu." Nikadhani ni bawaba. Nikachukua kadi ya benki nikaipitisha kwenye mwanya kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Juu haikupita kabisa, chuma kimegusa chuma. Chini kidole gumba kiliingia chote. Nikazunguka upande wa kulia, yaleyale. Nikamwangalia mzee. Hakusema neno. Aliinuka, akakunja kiti chake, akaingia ndani. Bora angenigombeza.

Fundi alipoitwa alisema bawaba zimechoka. Zikabadilishwa. Akasema milango imevimba (bati linavimba?), ipigwe nyundo na kusagwa kingo ifuate bodi. Tukasaga miwili, milango ya asili, iliyokuwa haina hata tone la kutu, kabla sijamwambia akusanye vifaa vyake aende. Wiki iliyofuata nililitoa gari taratibu nje ya geti, nikapanda tuta la kwanza, kioo cha mbele kikapasuka kutoka kona hadi kona. Kioo cha 504 nilikitafuta miezi miwili. Nilikipata Mombasa, kwa kuwa Kenya magari haya yalikuwa mengi na mengine yaliunganishwa hukohuko, nikakirudisha kwa basi kupitia Horohoro nimekipakata kama mtoto mchanga.

Aliyetuokoa ni fundi bodi mwingine, mtu mzima asiye na maneno mengi. Aliweka jeki ya chupa na ubao mnene chini ya mguu wa nguzo ya kati, kila upande, akawa anapandisha robo mzunguko, anaacha, anapima, anakunywa maji, anapandisha tena. Siku mbili. Halafu akasema neno lililotukata maini: ile mishono mizuri yote ikatwe upya, kwa sababu ndiyo inayolishikilia gari katika ubovu. Ukijumlisha yeye, kioo, bati la pili, bawaba na milango miwili ya kutafuta, ilinitoka Sh 2,600,000 na miezi 5. Kutu yenyewe, ingefanywa sawasawa tangu mwanzo, isingefika laki nne.

Kwa hiyo kanuni ni moja: mlango hautoki kwenye bawaba na chuma hakikatwi mpaka bodi imefungwa fito, yaani bomba za chuma za kuishikilia isipinde. Nunueni bomba za mraba za milimita 25, zile za kutengenezea grili za madirisha. Funga fito hivi kabla ya yote: bomba moja kutoka nguzo ya bawaba ya mbele hadi nguzo ya kati, moja kutoka nguzo ya kati hadi ya nyuma, pande zote mbili, kisha nyingine zivuke ndani ya gari kutoka nguzo ya kati ya kushoto hadi ya kulia, maana bodi haiinami tu, inaweza pia kubanana kama mkoba. Zichomelee kwenye chuma kinene cha nguzo, sio kwenye bati jembamba. Na zikae kwa ndani kiasi kwamba milango yote minne inafunga huku fito zimo. Mlango unaofunga ndio kipimo chako. Ukiutoa unajifumba macho.

Gari lisikae juu ya stendi za mwisho wa mbele na mwisho wa nyuma kama letu. Liwe sakafu tambarare, limelala juu ya miguu yake mwenyewe kama linavyosimama barabarani, stendi zikae kwenye mikono ya magurudumu, vile vyuma vinavyoyashika, ikibidi. Kabla ya kukata, pimeni mshazari wa kila tundu la mlango, kona ya juu ya mbele hadi kona ya chini ya nyuma, na mshazari wa pili, na muandike mahali ambapo hapapotei. Mara ya pili mwanangu aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, namba kubwa kama za ubaoni. Bado zipo. Mzee amekataza ukuta ule usipakwe chokaa.

Kisha kateni upande mmoja tu, kipande kifupi, kama urefu wa mkono hadi kiwiko, chini ya mlango wa mbele kwanza. Weka bati jipya, lishike kwa nukta, yaani vidoa vidogo vya kuchomelea, funga mlango, fungua, funga, pitisha kadi kwenye mwanya juu na chini, pima mshazari. Ukiwa sawa endelea na kipande kinachofuata. Mguu wa nguzo ya kati uwe wa mwisho. Mkichomelea msivute mshono mrefu, joto linavuta bati. Nukta hapa, nukta kule, liache lipoe. Upande wa pili hamuugusi mpaka wa kwanza umekamilika. Ni kazi ya wikiendi nne, sio Jumamosi moja, na hao ndugu wanne watachoka na wewe. Wape kazi: mmoja awe wa kupima tu, hashiki kifaa kingine, na ana ruhusa ya kusema simama hata kwa kaka mkubwa. Tangi la mafuta litolewe kwanza, betri ichomolewe, zulia lote nje, ndoo ya mchanga iwe karibu.

Najua atakuja mtu chini hapa aseme yeye alikata bila fito na gari liko sawa. Aweke picha ya mianya ya milango minne, juu na chini, na kadi imechomekwa. Na msinirudie na habari za simba kwenye nembo ya Peugeot. Simba ukimvunja mgongo anabaki zulia.

Umeuliza rimu. Asili yake ni inchi 14, sisi tuliweka 15 na hazigusi popote. Siti, dada anasema msinunue ngozi kabla hamjavua kitambaa cha zamani na kukitumia kama ramani, kila kipande mkiandike mbele na nyuma. Kulishusha chini, kwa barabara zenu za huko, hapana. Uzuri wa 504 ni ule ulaini wake kwenye mashimo, springi ndefu, unapita kwenye makorogeshi na chai haimwagiki. Rangi mtaelewana wenyewe, yetu imebaki bluu kwa sababu mama hakutaka nyingine, na siku hizi mlango wake anaufunga kwa kidole kimoja.

Mkuu, Jumamosi msikate. Jumamosi funga milango yote minne, chukua kadi, pitisha kwenye kila mwanya juu na chini, kisha weka picha hapa pamoja na vipimo vya mshazari. Usisahau picha ya uvungu, upande wa nguzo ya kati. Nitakuwa macho kuanzia saa mbili asubuhi, nitaangalia moja moja na kukuambia fito ya kwanza ikae wapi.